MTOTO ALIYE TUMBONI HANA KADI YA CHAMA

Ndugu wafanya kazi wa Mlolongo, Syokimau, Athi River na kandokando yake,

Katika mkutano wa tawi uliopita mjumbe mmoja alisimama akaleta shauri. Alisema hivi: kwa kuwa moshi na vumbi la kazi ya kuvunja na kuyeyusha betri kuukuu ni hatari kwa mama mwenye mimba, chama chetu kikubaliane na matajiri wasiandike tena mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa katika idara hizo, na wale waliomo sasa walipwe haki zao waende. Watu wengi walipiga makofi. Miongoni mwa waliopiga makofi walikuwamo akina mama. Shauri likaahirishwa mpaka mkutano ujao, ndipo tutakapopiga kura.

Mimi sikupiga makofi, na leo naomba nafasi katika karatasi yetu hii nieleze sababu. Simshutumu mjumbe yule. Ni mtu mwema, amelipa ada yake miaka yote bila kusukumwa, na hofu yake ni ya kweli. Lakini shauri lake ni baya, na tukilipitisha tutakuwa tumemfanyia tajiri bure kazi ambayo angelipa wakili fedha nyingi amfanyie.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo sumu, maana watu wanaogopa jambo wasilolijua, na mtu anayeogopa asilolijua hukubali dawa yoyote anayopewa.

Betri ya lori, hii ambayo hapa Mlolongo twaiona kila siku kandokando ya barabara ya Mombasa, ndani yake mna sahani za risasi. Risasi peke yake ni laini mno, kwa hivyo mara nyingi huchanganywa na antimoni na aseniki kidogo ili sahani ziwe ngumu. Sisi twasikia habari ya risasi tu. Hii ndugu yake aseniki haitajwi. Betri ikipasuliwa na sahani zikatiwa motoni, risasi hutoka kama moshi na vumbi laini, na aseniki nayo hupanda hewani pamoja na moshi ule. Ukipoa huwa unga mwembamba ambao jicho halioni. Unatua juu ya mabati, juu ya nywele, juu ya ugali wa saa saba. Hauna harufu ya kumwonya mtu.

Wazee wetu waliijua aseniki bila kulijua jina lake. Ndiyo iliyokuwa dawa ya josho zamani za ukoloni, ya kuua kupe, na ng'ombe aliyekunywa maji ya josho hakufika nyumbani. Watu walichimba majosho mbali na kisima. Walikuwa na akili kuliko baadhi ya mainjinia wa leo.

Sumu hizi mbili hazifanani katika mwendo wake. Aseniki iingiapo mwilini hutoka kwa mkojo katika siku chache, lakini kabla haijatoka huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Mama akiipata kila siku, mtoto naye huipata kila siku. Risasi ni mpangaji wa namna nyingine. Katika damu hukaa kama mwezi mmoja, kisha huhamia mifupani na kukaa humo miaka mingi, hata 20 na zaidi. Mama anapochukua mimba mwili wake huchota chokaa ya mifupa ili kumjenga mtoto, na risasi iliyolala humo huamka na kutoka pamoja nayo. Mama anaponyonyesha, hali ni hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Matokeo yake ni nini? Mimba kutoka. Mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake, au kuzaliwa mdogo. Mtoto mwenye mapafu dhaifu ambaye kila kikohozi kinamwangusha. Mtoto anayekua, anacheza, lakini shuleni herufi hazikai kichwani, na mwalimu anamwita mvivu.

Msidhani haya ni maneno ya kutisha watu. Katika nchi ya Chile uko mji uitwao Antofagasta. Mwaka 1958 mji ule ulianza kunywa maji ya mto mpya, na maji yale yalikuwa na aseniki zaidi ya maikrogramu 800 katika kila lita. Kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali leo ni 10. Walikunywa hivyo mpaka mwaka 1970, ndipo mtambo wa kusafisha ulipowekwa. Katika miaka ile watoto wachanga walikufa kuliko katika miji mingine ya nchi hiyo hiyo. Na wale waliopona? Wanasayansi waliwafuata. Waliokuwa tumboni au wadogo wakati wa maji yale walipofika umri wa miaka 30 na 40 walikufa kwa ugonjwa wa mapafu mara nyingi kuliko wenzao. Sumu waliyoipata kabla ya kuzaliwa iliwangoja miaka 30!

Huko Japani, mwaka 1955, kampani ya maziwa ya Morinaga ilitia katika maziwa ya unga kemikali ya bei rahisi iliyokuwa na aseniki. Watoto zaidi ya 12,000 walidhurika, na zaidi ya 100 walikufa. Kemikali ile ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi. Kumbukeni neno hilo, rahisi, maana ndilo shina la mambo haya yote.

Sasa turudi kwetu Kenya, tusije tukaambiwa kwamba twatafuta mifano ya mbali.

Mombasa, karibu na Changamwe na Mikindani, kiko kijiji cha Owino Uhuru. Watu wake ni kama 3,000. Hapo palijengwa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, Kenya Metal Refineries EPZ, ukuta wake ukigusana na nyumba za watu. Mwaka 2009 kiliandika kazi dada mmoja, Phyllis Omido, naye alikuwa na mtoto wa kunyonya. Mtoto akaugua. Akatibiwa hili na lile bila kupona, mpaka alipopimwa damu ikaonekana risasi. Ilimjia kwa maziwa ya mama yake. Dada yule hakuchukua haki zake akaenda nyumbani kulia. Alikwenda kupima watoto wa jirani, nao wakaonekana vivyo hivyo. Akaandamana, akakamatwa, akashtakiwa, akashinda. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo kubwa ya mazingira ya Goldman huko Marekani.

Kesi ya watu wa Owino Uhuru ilifunguliwa mwaka 2016. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kati ya walioonekana na hatia hakikuwamo kiwanda peke yake. Zilikuwamo pia wizara za Serikali na NEMA yenyewe, ile iliyowekwa ilinde mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu. Mwezi wa Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka kesi ilipofunguliwa alikuwa na miaka minane siku Mahakama ya Juu iliposema neno lake.

Naam. Hapa ndipo mjumbe wetu anaposimama na kusema: "Si mnaona? Mtoto yule alipata sumu kwa sababu mama yake alifanya kazi kiwandani. Mtoeni mama, mtoto atapona."

Hapana, ndugu yangu. Soma tena habari ile. Watoto wa jirani nao walikuwa na risasi, na si kila mama wa kijiji kile alikuwa na kazi katika kiwanda. Wengi walikuwa wakipika, wakifua na kufagia uwanja. Ukimtoa mama katika idara ukaacha moshi ule ule utoke katika bomba lile lile, umemhamisha kutoka upande huu wa ukuta hadi upande wa pili, na umemnyang'anya mshahara njiani.

Nitasema habari yangu mwenyewe, ingawa siipendi. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, idara ya kupasua betri. Tulipewa ovaroli moja. Mahali pa kuoga palikuwa mferejini, maji yakiwapo. Kila jioni nilirudi ploti na ovaroli ile mwilini, mtoto wangu mkubwa akinirukia mlangoni kama watoto wafanyavyo. Jumamosi mke wangu aliifua katika karai, na karai lile lile ndilo alilomwogeshea mtoto. Alikuwa na mimba wakati ule. Binti yetu alizaliwa na kilo 1.9. Aliishi, Mungu asifiwe, lakini miaka miwili ya kwanza tulilala hospitali kuliko nyumbani, na sasa yuko shule, na kusoma kunamshinda. Katika kadi yake ya kliniki pameandikwa uzani wake kila mwezi. Hapana mahali palipoandikwa risasi wala aseniki, kwa sababu hapana mtu aliyempima, na mimi sikujua kwamba kuna jambo la kuuliza.

Mke wangu hakutia mguu katika kiwanda kile hata siku moja. Niambieni, hilo shauri la mjumbe lingemsaidia nini binti yangu?

Tena liko jambo la baba. Risasi humharibu hata mwanamume, mbegu zake hupungua nguvu. Mbona hakuna mtu anayesimama mkutanoni kuleta shauri kwamba wanaume wote wa umri wa kuzaa watolewe? Kwa sababu wakitolewa wanaume na wanawake, atabaki nani wa kuyeyusha? Hapo tajiri angelazimika kununua mashine ya kuvuta moshi. Shauri la kuwatoa wanawake linapendeza kwa sababu linamwezesha kuendelea kama alivyo.

Wazee wa ulimwengu wamekwisha kuipita njia hii, na sisi si lazima tuikanyage upya. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipozaliwa, moja ya mapendekezo yake ya kwanza kabisa lilihusu wanawake na watoto katika kazi za risasi, kwamba waondolewe katika kazi kadha za tanuri. Nia ilikuwa njema, kama ya mjumbe wetu. Wanawake wakaondolewa, na wanaume wakaachwa katika moshi, na vumbi likaendelea kwenda nyumbani katika nguo zao.

Huko Marekani, katika jimbo la West Virginia, mahali paitwapo Willow Island, kampani ya American Cyanamid ilitoa amri kwamba mwanamke anayeweza kuzaa asifanye kazi katika idara ya rangi zenye risasi. Mwaka 1978 wanawake watano, waliokuwa na watoto wa kulisha na hawana kazi nyingine yenye mshahara kama ule, walikwenda hospitali wakafungwa kizazi ili wabaki kazini. Walikatwa miili yao, ndugu zangu, kwa sababu tajiri hakutaka kusafisha hewa. Na baadaye idara yenyewe ilifungwa.

Halafu ikaja Johnson Controls, kampani ya betri, kazi ile ile tunayoisema. Mwaka 1982 iliwafungia mlango wanawake wote isipokuwa mwenye barua ya daktari kwamba hawezi kuzaa. Lakini hawa walikuwa na chama, chama cha wafanya kazi wa magari, UAW. Chama hakikukaa mezani na tajiri kuafikiana ni wanawake gani watoke. Kilikwenda kortini, na katika kesi ile alikuwamo mwanamume aliyeomba likizo ili risasi ipungue mwilini mwake kabla ya kuzaa mtoto, akanyimwa. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba amri ile ilikuwa ubaguzi, na kwamba shauri la watoto watakaozaliwa ni la wazazi wenyewe, wala si la mwenye kiwanda. Chama cha kule kilipinga amri ya namna hiyo miaka mingi. Chama cha hapa kinataka kuiandika kwa mkono wake mwenyewe!

Naweza kusikia mtu akiuliza: basi wataka mama mwenye mimba avute moshi ule kwa jina la usawa? La hasha. Nataka asiwepo mtu wa kuvuta moshi ule. Na wakati tunapopigania hilo, mama ajuaye ana mimba ahamishwe siku hiyo hiyo, kwa kupenda kwake, kwa mshahara ule ule, na kazi yake imngoje. Lakini msijidanganye kwamba kuhamishwa kutatosha. Nimesema risasi hukaa mifupani. Mama aliyeacha kazi miaka mitano iliyopita bado anayo, na mama anayegundua mimba katika mwezi wa tatu amekwisha kumpa mtoto miezi mitatu ya vumbi. Ulinzi wa kweli ni ule unaoanza kabla ya mimba, na ulinzi huo ni hewa safi kwa wote.

Kadhalika tuache kudanganywa kwa maziwa. Twajua desturi hii: pakiti ya maziwa kila siku, na msimamizi akisema, "Kunyweni, yanaondoa sumu." Maziwa ni chakula kizuri, na mtu mwenye chokaa ya kutosha mwilini huvuta risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Lakini vumbi lililoingia mapafuni halijui habari za maziwa. Pakiti ile bei yake ni ndogo sana. Feni ya kuvuta moshi bei yake ni kubwa. Hiyo ndiyo siri yote ya maziwa.

Sasa sheria. Msiseme hatuna sheria, tunazo, tena nzuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wawemo wawakilishi wa wafanya kazi. Inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aripoti, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale kabla ya kuiondoa hatari. Kanuni za mwaka 2005 za uchunguzi wa afya zinataka wafanyao kazi za hatari wapimwe na daktari aliyekubaliwa, na gharama ni ya tajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya mimba. Kwa hivyo shauri la mjumbe wetu, tukilitia sahihi, litakuwa mapatano ya kuvunja sheria. Sijui kama alilifikiria hilo. Natumaini katibu atalifikiria.

Lakini liko shimo katika sheria, na hapa nawaomba msome polepole. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ni ya 2007, inamlipa mfanya kazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Akifa, wanalipwa wanaomtegemea. Mtoto aliyezaliwa na kilo 1.9 kwa sababu ya vumbi la baba au mama yake si mfanya kazi, na baba yake hajafa. Hayumo katika kitabu. Hana namba ya kazi, hana kadi ya chama. Mlango uliobaki kwake ni Katiba ya 2010, kifungu cha 42, kinachosema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kwa mlango huo ndimo walimopita watu wa Owino Uhuru, na mmeona urefu wa safari yao. Chama kinachotaka kuwafaa watoto kingeandika barua kwa wabunge kuhusu shimo hili, badala ya kuhesabu ni akina mama wangapi wa kufukuzwa.

Niseme kidogo pia juu ya mambo mawili yasiyo ya kiwandani, kwa sababu mama mwenye mimba halali kiwandani.

La kwanza ni kuni. Nguzo nyingi za umeme na za ua, zile zenye rangi ya kijani kibichi hafifu, zimetiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki ili mchwa asile. Vipande vyake hubaki katika mijengo, na mijengo Mlolongo haiishi. Mama anayewapikia mafundi githeri huokota vipande vile, maana kuni ni ghali. Ndugu zangu, usipikie mti ule. Moshi wake una aseniki na majivu yake yana aseniki zaidi. Mafundi mnaokula hapo, mpelekeeni mama yule kuni nyingine.

La pili ni maji. Hapa twanunua maji ya visima vya kuchimbwa kwa mashine, kwa mtungi au kwa bauza. Aseniki katika maji hutoka katika mawe ya chini yenyewe, haina ladha wala rangi. Kuichemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua na sumu hubaki. Dawa ya klorini huua vijidudu tu. Muulize mwenye kisima karatasi ya maabara, na katika karatasi tafuta mstari wa aseniki: isizidi milligramu 0.01 katika lita. Akikuonyesha karatasi ya vijidudu peke yake, mwambie hiyo ni nusu ya karatasi. Akina mama wa kikundi cha chama wanaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko halmashauri yetu yote.

Na mama anayenyonyesha asiogope akamwachisha mtoto ziwa. Aseniki hupita kidogo sana katika maziwa ya mama. Kwa risasi apimwe damu kwanza, na aulize kliniki kabla ya kuamua, kwa maana maziwa ya unga yanayokorogwa kwa maji usiyoyajua yanaweza kuwa hatari kuliko ziwa.

Basi mimi nataka nini? Nataka shauri la mjumbe liondolewe, na mahali pake tuweke hili. Kila mtu katika idara za betri, mume kwa mke, apimwe damu kwa risasi na mkojo kwa aseniki, mkojo uchukuliwe mwisho wa wiki ya kazi na si Jumatatu asubuhi baada ya mwili kujisafisha kwa mapumziko. Jibu apewe mfanya kazi mkononi mwake, lisifichwe kabatini kwa meneja. Atakayeonekana damu yake imezidi, ahamishwe bila kupunguziwa senti. Huko Marekani sheria ya risasi ya mwaka 1978 inamlindia mfanya kazi mshahara wake hadi miezi 18 akihamishwa kwa sababu ya damu, kwa hivyo msikubali kuambiwa kwamba jambo hili haliwezekani duniani. Ovaroli mbili kwa kila mtu, na zifuliwe kiwandani. Mahali pa kuoga penye maji, na muda wa kuoga uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi. Mashine za kuvuta moshi. Wake na watoto wa waliofanya kazi hiyo nao wapimwe, kwa gharama ya aliyetoa vumbi. Hili la mwisho watalipinga sana. Ndilo la kushikilia.

Mtu ataniambia matajiri watafunga viwanda waende mahali pengine. Ni maneno ya kila siku; tuliyasikia tulipodai viatu na tulipodai likizo. Betri za nchi hii ni nyingi na kila mwaka zinaongezeka, magari, sola, na hizi pikipiki. Lazima ziyeyushwe mahali fulani. Kinachobishaniwa ni kama mwenye faida atalipia moshi wake, au utalipiwa na mtoto.

Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao, na wengi wa ng'ombe wale walikuwa wa kupelekwa katika kiwanda cha nyama cha Liebig, hapa hapa Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu, wake kwa waume pamoja na watoto, wakaenda Nairobi kwa miguu na kwa magari, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mwishowe Serikali iliacha kuwanyang'anya ng'ombe kwa nguvu, ingawa Muindi Mbingu mwenyewe alihamishwa. Hao ni babu na nyanya za wengi wetu. Walipiga kambi Nairobi kwa ajili ya ng'ombe. Sisi twaombwa tuinue mkono tu, tukikaa katika viti, kwa ajili ya watoto, na hata huko kuinua mkono twataka kukosea.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, mahali petu pa siku zote. Wenye watoto waliozaliwa wakati baba au mama yuko katika kazi ya betri, njooni na kadi za kliniki. Tutaziweka mezani pamoja tuzisome uzani mmoja mmoja kabla ya kura kupigwa. Mimi nitakuja na ile ovaroli, ninayo bado, nimeifunga katika gunia nje ya nyumba. Wake wa wanachama wanakaribishwa, ingawa hawana kura.

Wenu katika kazi,
Memba wa Tawi, Mlolongo